Nyota ya Nne ya Mkanda wa Orioni

Hapo zamani, kabla watu hawajajua kukitazama Kilimia, kile kishada cha nyota, ndipo wapande mtama, huko Uyunani aliishi mwindaji aliyeitwa Orioni. Jitu hasa! Akivuka bahari, maji humfika kiunoni. Na kiunoni alivaa mkanda wenye nyota nne, ya nne kubwa kuliko zote, ikimeremeta hata mchana. Lakini ulimi uliponza kichwa. Alijisifu hakuna kiumbe atakayemweza, mpaka miungu wakachoka naye, wakampofusha.

Orioni alilia hata ng'ombe wakavunja mazizi. Mganga akamwambia, "Baba, shika njia ya mashariki. Jua likichomoza usoni pako, pasiwe na kitu kati yenu, utaona." Orioni akaapa kwa sauti kubwa, "Atakayenifikisha, nyota yangu kubwa ni yake!"

Akaja mhunzi Kedalioni, mwenye macho makali na miguu dhaifu. "Ndugu yangu, wewe una miguu, mimi nina macho. Nibebe begani." Akapanda. "Kulia, jiwe! Kushoto, mto! Inama, tawi!" Wakaenda, wakaenda, na Sirio, mbwa wa Orioni, nyuma yao.

Milimani ukungu ukashuka. Kedalioni aliona aibu kusema haoni kitu. "Mbele, mbele tu!" akaamuru. Kumbe mbele ni korongo! Sirio akaing'ata nguo ya bwana wake, akavuta, wote wakaanguka chali. Tangu hapo, pua ya mbwa ndiyo iliyoongoza.

Alfajiri pua ikanusa sungura. Mbwa ni mbwa tu! Sirio akasahau safari, akatimka. Orioni akafuata mlio wake, na Kedalioni begani akipiga kelele, "Simama! Huku siko!" Sungura akapanda kilima, mbwa akapanda, Orioni akapanda. Kileleni sungura akakosa pa kukimbilia, na papo hapo jua likachomoza usoni pa Orioni. Akaona! Akauona umande, akaziona kucha zake chafu, akacheka mpaka akalia.

Jua likasema, "Kiapo chako nilikisikia. Toa nyota. Lakini ukimpa asiyestahili, macho haya nitayazima, na safari hii hayarudi."

Orioni akaifungua nyota mkandani.

"Ni yangu," akasema Kedalioni. "Desturi yenu wawindaji ni moja: kidari, nyama ya kifua, ni cha aliyetangulia kumchoma mnyama mkuki. Nani alitangulia kukuongoza? Bila mimi, mto wa kwanza ungekumeza."

"Na korongo je?" akasema Sirio. "Bwana, huyu angekuua kwa aibu yake. Mimi nimekuokoa roho. Maiti macho ya nini?"

Sungura alikuwa bado anahema. "Mimi mambo ya kidari msiniulize, maana kidari chenyewe ni changu. Ila mmoja alisema huku siko, mwingine alitaka kunila. Njia ya kilima hiki niliijua mimi. Sasa nani kamfikisha?"

"Ulikuwa unaikimbilia roho yako!" wakamzomea.

"Kweli kabisa," akasema sungura. "Lakini amefika, hakufika?"

Orioni akaiinua nyota, akawatazama mmoja mmoja. Alimpenda Kedalioni. Alimpenda zaidi mbwa wake. Alimwonea haya sungura, kwa jinsi yeye mwindaji alivyowatafuna ndugu zake. Na giza aliliogopa kuliko kifo.

Miungu wakawapandisha wote mbinguni, Orioni akiwa hajaamua. Kila majira ya baridi ya Uyunani yupo angani, mkono juu. Uhesabu mkanda wake: nyota tatu. Ya nne ameifumbata kiganjani. Kedalioni hajashuka begani, na mbwa na sungura wako miguuni pake, wanangoja.

Haya, nyinyi mnaocheka, mtoeni mashakani. Lakini jibuni polepole, maana mkikosea, atakayepofuka ni yeye. Je, nyota ile nani alistahili kupewa?