Soksi Moja ya Kupandia Mlima

Paukwa!

– Pakawa!

Nije nayo, nisije nayo?

– Njoo nayo, na ivae koti, huku kuna baridi!

Haya, sogeeni. Aliye karibu na moto asijifanye hasikii, ampishe na mwenzake.

Hapo kale palikuwa na mlima uitwao Kipara. Uliitwa Kipara kwa sababu kileleni haukuota hata unyasi mmoja. Upepo ulikuwa umeunyoa. Chini ya mlima palikuwa na mto, kando ya mto palikuwa na soko la mitumba, na nyuma ya soko, katika shimo dogo chini ya kisiki, aliishi Sange.

Mnamjua Sange? Ni mdogo, anaenea kiganjani. Ana miguu kama njiti za kiberiti na pua ndefu inayochezacheza hata akilala. Ukimwona utadhani ni panya aliyeota kuwa tembo, ndoto ikafika puani ikaishia hapo. Mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema. Sange hakungoja watu wamcheke. Alijicheka kwanza, ili wakija wakute kazi imekwisha.

Basi kila jioni alikaa juu ya kisiki chake akajisimanga kwa sauti. "Leo nimepiga chafya nikajiangusha!" Na huko juu mlimani, kicheko kikajibu: kwi kwi kwi kwi! Sange alidhani ni mwangwi. Lakini siku moja kicheko kikaanza kabla hajamaliza kusema, naye akajua kwamba mwangwi hauna haraka hiyo. Huyo alikuwa ni mtu. Tena alikuwa ni binti wa kisange, jina lake Mashavu, aliyeishi na mjomba wake pangoni karibu na kilele.

Sange akapenda. Atafanyaje? Mtu anayecheka maneno yako ni wa kuoa.

Akatuma posa kwa kupiga kelele, maana hakuwa na mshenga. Mjomba akajibu kutoka juu, sauti ikashuka ikigonga majabali: "Anayemtaka Mashavu apande mwenyewe! Apande kabla ya masika! Masika yakiingia, tunamwoza upande wa pili wa mlima, kuna kijana huko ana manyoya ya maana!"

Sange akapanda. Akapanda vile vile alivyozaliwa. Alipofika kwenye mianzi, upepo ukamkuta. Vuuu! Masikio yakafa ganzi. Vuuu! Miguu ikafa ganzi. Vuuu! Pua, ambayo siku zote ilimtangulia mwenyewe, ikaganda kama ukucha. Akageuka, akarudi mbio.

"Ndiye bwana harusi huyo," akajiambia. "Ameshindwa na hewa."

Akajishonea koti la ganda la mgomba. Akapanda. Vuuu! Koti likakakamaa. Alipoinama kupita chini ya gogo, kra! likapasuka mgongo mzima. Akarudi.

Akajipaka mafuta ya nyonyo mwili mzima. Akapanda. Akateleza, akarudi kabla hata hajaamua kurudi.

Hapo akakaa juu ya kisiki, akawaza. Mlima hauendwi kwa mapenzi peke yake, unataka na sufu. Lakini yeye alihitaji nini hasa? Koti? Lingemzika. Buti? Angelifanya nyumba. Alihitaji soksi moja nene ya sufu, aingie ndani mzima mzima, atoboe matundu ya miguu, basi. "Ufupi nao una faida zake," akasema. "Nani anavaa kwa bei rahisi kunishinda mimi?"

Kumbe hajui. Soko lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Kiboko. Kiboko alizaliwa bila manyoya, na jambo hilo lilimuuma. Kila robota la mitumba liliposhushwa sokoni, kabla halijafunguliwa, Kiboko alilikalia. Puu! "Langu!" Likija jingine, puu! "Langu!" Nani amwinue Kiboko? Akajaza makoti, masweta, skafu, kofia, mabuti ya mlima, soksi za sufu, vyote kama kilima kando ya mto. Na hakuvaa hata kimoja, maana huku chini kulikuwa na joto. Alikuwa akiviangalia tu, roho yake inapoa.

Sange akaenda na kikombe cha kumbikumbi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Usiguse."

"Sijagusa, Mzee."

"Unaangalia kama mtu anayegusa. Unataka nini?"

"Soksi moja."

Kiboko akafungua kinywa, aaah, Sange akaona mpaka chakula cha jana. "Soksi moja? Soksi ni mapacha, wewe! Nani alikutuma kutenganisha ndugu?"

"Basi nipe jozi, Mzee."

"Gunia la kumbikumbi."

"Gunia! Mzee, wewe unakula majani. Kumbikumbi utawafanyia nini?"

"Nitawakalia."

Sange akatazama kikombe chake. Hakikuwa hata kimejaa. Nusu aliila njiani mwenyewe, kwa wasiwasi. Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Lakini akili ya mdogo huchemka upesi, kwa kuwa chungu chenyewe ni kidogo. Asubuhi ya pili Sange akapita mbele ya Kiboko na fimbo mkononi, chepu chepu chepu, kama mtu mwenye haraka.

"We Sange! Wapi?"

"Juu tu, Mzee. Matembezi."

"Matembezi gani? Juzi ulirudi pua imeganda."

"Aa, basi tu." Sange akatazama kushoto, akatazama kulia, akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Nasikia kileleni kuna robota halijafunguliwa."

Masikio ya Kiboko yakasimama, twi! "Robota la nini?"

"Nani ajue, Mzee? Halijafunguliwa."

"La nani?"

"La atakayelikalia kwanza."

Kiboko akameza mate. Gulup. Sange akaongeza, "Lakini wewe usijisumbue. Huko juu kuna baridi, na wewe, Mzee, nisamehe, ngozi yako iko wazi. Au kama ni lazima uende, nenda, nikulindie nguo zako huku chini."

"Wewe?"

"Mimi."

"Nguo zangu?"

"Zote, Mzee, wala usiwe na shaka."

Kiboko akacheka mpaka mto ukafanya mawimbi. "Nikuachie wewe nguo zangu! Sange, unanionaje? Nitazivaa! Zote!"

"Zote, Mzee?"

"Zote!"

"Lo! Hilo sikulifikiria," akasema Sange, akainamisha pua isije ikamsaliti.

Kiboko akavaa. Akavaa soksi miguu yote minne, akavaa mabuti juu ya soksi. Akavaa sweta juu ya sweta, koti juu ya koti, skafu mpaka shingo ikapotea, kofia juu ya kofia. Alipomaliza alikuwa kama robota lenye macho.

Safari ikaanza. Kiboko mbele: tindi, tindi, tindi. Sange nyuma: chepu, chepu, chepu.

Kupanda mlima si mchezo. Mwili ukapata moto. Jasho, tiriri! Kiboko akasimama. "Moto! Moto! Nani kaniwashia moto?" Akavua koti la juu, akalitundika mtini kwa upole kama anamlaza mtoto. "Koti langu, kaa hapo. Nitakurudia."

Tindi, tindi, tindi. Chepu, chepu, chepu. Jasho, tiriri! "Moto! Moto! Nani kaniwashia moto?" Akavua sweta. "Sweta langu, kaa hapo. Nitakurudia."

Ikawa hivyo. Makoti yakabaki, masweta yakabaki, skafu zikabaki, kofia zikabaki. Msitu mzima ukawa kama kamba ya kuanikia nguo. Na Sange je? Sange alikuwa analia moyoni. Mali yote ile, na hakuna hata kimoja kinachomfaa! Alijaribu koti moja. Akaingilia mfukoni, akapotea humo ndani, akazunguka gizani akiomba Mungu, akaja kutokea kwenye mkono, pumzi juu juu.

"Angalia akili yangu," akasema. "Nimemvua Kiboko nguo zote isipokuwa ninayoitaka."

Maana soksi zilikuwa ndani ya mabuti, na mabuti yalikuwa miguuni mwa Kiboko. Wakafika kwenye mianzi. Upepo ukaanza, vuuu. Kiboko, mwenye mafuta yake na jasho lake, hakuusikia. Sange aliusikia wote. Pua ikaanza kufa.

"Mzee," akasema, meno yakigongana, ke ke ke, "naona unachechemea. Mabuti yanakubana? Yavue, upumzishe miguu."

"Hayanibani! Ndiyo mwendo wangu."

Tindi... tindi... tindi. Yalikuwa yanambana. Yalikuwa mabuti ya watu wanne tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mguu wa Kiboko. Malengelenge yalikuwa yamevimba kama vitumbua. Lakini mwenye mali akikiri buti linambana, si atakuwa amekiri alichagua vibaya?

Sange akaona anakufa. Miguu haisikii, masikio hayasikii, na akili imebaki kidogo. Akakata tamaa, akasema ukweli, kwa kuwa uongo ulikuwa umemwishia: "Mzee, mimi nimechoka. Naenda kufia pale kwenye maji."

Kiboko akageuka. "Maji? Maji yapi?"

"Si hayo. Husikii?"

Kiboko akatega sikio. Kweli, nyuma ya jabali kijito kilikuwa kinateremka, shwaaa. Mwenzenu alikuwa hajaona maji tangu asubuhi. Malengelenge yanawaka, jasho linachuruzika. Akasahau robota, akasahau ukubwa. Buti, fyuu! Buti, fyuu! Buti, fyuu! Buti, fyuu! Soksi zikafuata kama kunguru walioshtuliwa. Kiboko akaruka. Chubwi!



Sasa maji yale, jamani, yalikuwa theluji mpaka dakika chache zilizopita.

"YALAAA!"

Kiboko akatoka kabla hajamaliza kuingia. Akashuka mlima uchi wa mnyama, gudu gudu gudu gudu, mianzi inalala, mawe yanamfuata. Alipopita msituni akataka kuchukua makoti yake. Akakuta mbega wamekwisha yavaa, wamekaa juu ya matawi, wamenyamaza, wanamtazama kama watu wasiojua lolote. Mpaka leo mwangalie mbega: kanzu ndefu nyeusi, skafu nyeupe, na ukimwuliza alinunua wapi, anageuza uso.

Kiboko akaingia mtoni kwake, akabakiza macho na masikio. Mpaka leo yumo. Mchana hatoki, anaona haya.

Sange naye alikuwa amekwisha ingia soksini. Alitafuna matundu manne, kre kre kre, akatoa miguu. Ikamwenea mwili mzima isipokuwa pua. Pua haikuwa na mahali pa kwenda. Nayo soksi, nisiwafiche, ilinuka. Ilikuwa imeshinda ndani ya buti, ndani ya jasho la Kiboko, na Sange ndani yake na pua yake ile yote. Akapanda hivyo hivyo. Chepu, chepu, huku machozi yanamtoka. Yeye alisema ni ya upepo.

Alipofika mlangoni mwa pango, mjomba akachungulia, akarudi ndani.

"Mashavu, njoo uone. Soksi imekuja kukuposa."

"Hodi," ikasema soksi.

Mashavu akatoka. Akamtazama juu, akamtazama chini. Kisha akaanza: kwi kwi kwi kwi! Akacheka mpaka akakaa chini.

"Ndiyo suti yenyewe?"

"Ndiyo, dada. Fundi hakuwa na nyingine."

"Inanuka."

"Wewe umesimama nje. Mimi nipo ndani."

Mjomba akakohoa. "Kijana, umepanda mwenyewe?"

"Mwenyewe, mjomba. Kwa miguu hii."

"Na mlima umeuonaje?"

"Sikuuona, mjomba. Niliona pua yangu tu njia nzima, kama inafika au inabaki."

Mjomba akashindwa kujizuia, akacheka na yeye. Kijana wa upande wa pili alikuwa na manyoya, kweli, lakini hajawahi kumchekesha mtu. Akasema, "Basi. Mtaishi hapa nami. Nitawapa chumba cha ndani."

"Hapa?" Mashavu akaruka. "Mjomba, kwani mimi naishi huku kwa kupenda? Tangu kuzaliwa nasikia watu wa chini wana jua. Sikushuka kwa sababu sina nguo!" Akamgeukia Sange. "Sogea huko."

"Wapi?"

"Humo ndani. Soksi ya Kiboko hiyo, nafasi ipo."

Wakashuka wawili ndani ya soksi moja. Mashavu anataka kulia, Sange anataka kushoto, soksi haijui imsikilize nani. Kabla ya kufika chini walikuwa wamekwisha gombana na kupatana, na huko kupatana kukawachelewesha zaidi.

Na mimi hadithi yangu naivua hapa. Inayemtosha aivae, inayembana ampe mdogo wake.

– Na funzo lake?

Ahaa, funzo. Hadithi hii inatufundisha kwamba mwongo hafiki mbali. Kwamba anayetaka kupanda mlima asiokoteokote, anunue vifaa vyote, vipya, kwa bei ya kwanza atakayotajiwa. Na kwamba msichana wa maana haolewi na mtu anayenuka soksi. Hayo si maneno yangu. Nimeambiwa na wauza viatu.