Mtaro Uliosafishwa kwa Ajili ya Mgeni

Hapo zamani, zamani ya karibu tu ambayo wengi wenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mtaa uitwao Bondeni. Mtaa ulikuwa na mtaro, na mtaro ulikuwa umeziba. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanashuka, yanaukuta mtaro umejaa tope na mifuko, yanaingia majumbani bila hodi. Kila masika hivyo hivyo. Watu wanapandisha vyombo juu ya meza, wanangoja yapungue, wanashusha.

Nyumba ya mwisho, pale chini kabisa, alikaa Bi Zuhra na mama yake mzazi, Bi Kibibi, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Ukuta wao wa nyuma ulikuwa wa udongo, na kila masika ulizidi kulainika. Hao wawili washikeni vizuri, maana kesi nzima ni yao.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Semkiwa, akaenda manispaa kulalamika. Akaambiwa aje kesho. Akaenda kesho, mhusika yuko kikaoni. Akaenda tena, mhusika yuko safarini. Akaenda mpaka walinzi wa getini wakawa wanamuulizia hali ya wajukuu. Hatimaye manispaa ikakubali: injinia atakuja aone kwa macho yake. Katapila lilikuwa moja, na mitaa miwili ilikuwa ikiliomba. Mtaa wenye hali mbaya zaidi ndio utakaochimbiwa mtaro mpya kabla ya mvua.

Furaha iliyoje! Mzee Semkiwa akakusanya watu. "Jamani, tunapata mgeni. Mgeni wa serikali. Sasa ndugu zangu, tutampitisha kwenye uvundo huu?"

"Hatumpitishi!" wakajibu wote.

Wakashika majembe na makoleo, wakazibua mtaro, wakafagia njia mpaka ikang'aa. Na kosa gani hapo? Mgeni ni mgeni.

Bi Mwanahawa, kiongozi wa kikundi cha akina mama, naye hakukubali kupitwa. "Kuta zina madoa ya maji mpaka kiunoni, aibu gani hii!" Akakoroga chokaa, wakapaka kila ukuta unaotazama mtaro. Akafukiza udi. Akapika pilau la kuku, likaandaliwa nyumbani kwa Bi Zuhra, ambako ziara ingeishia. Na kosa gani hapo? Kwenu mgeni akija mnampakulia maneno?

Injinia Kasanda akaja, kijana mpole, shati limenyooka. Akatazama mtaro, msafi. Akatazama kuta, nyeupe. Akavuta pumzi, udi. Akaketishwa, akanawishwa, akaanza kula. Lakini kijana hakuwa kipofu. Kwenye ukuta wa Bi Zuhra aliliona doa la maji likichungulia chini ya chokaa. Moyo ukamwambia simama, zunguka nyuma, kagua. Ila atawaambiaje watu wanaomlisha kwamba wanamficha kitu? Akauliza mara moja tu, kwa upole, akimgeukia Bi Zuhra aliyekuwa amesimama na jagi la maji: "Mama, maji huwa yanafika hapa?"

Bi Zuhra akatazama sahani ya mgeni. Bado haijaisha. Mtu anakula, utammwagia shida zako? Akasema, "Tunamshukuru Mungu, baba. Kula, kula ushibe."

Na kosa gani hapo?

Injinia akala, akashukuru, akaaga. Alipofika ofisini akasema Bondeni wanaweza kusubiri. Katapila likapelekwa mtaa ule mwingine.

Masika yakaja. Mvua ya kwanza ikaujaza mtaro tope, mvua ya pili ikaleta maji majumbani. Mchana mmoja Bi Zuhra akasikia ukuta wa nyuma unaguna. Akambeba mama yake mgongoni, akatoka naye maji yakimfika magotini, na nyuma yao ukuta ukalala chini. Hawakuumia, tushukuru. Lakini chumba hakikuwepo tena. Godoro la Bi Kibibi likatandikwa barazani kwa ofisi ya mtaa, na bibi wa watu, aliyezoea kufungiwa mlango akiogeshwa, akawa anageuzwa ubavu machoni pa wapita njia. Inauma, jamani. Mimi inaniuma mpaka leo.

Majirani wakamjia Bi Zuhra. Huyu njoo kwangu, yule njoo kwangu. Akakataa.

"Kwa huruma siendi. Mtatuchoka, na mama yangu ataliona hilo kabla yangu. Nitakwenda kwa mwenye kosa, nikae kwake bila kuinamisha kichwa mpaka ukuta wangu usimame. Na kama kosa ni langu, tutabaki hapa hapa. Semeni."

Mzee Semkiwa akasema, "Ni mimi niliyeagiza usafi, sikatai. Lakini ni mimi pia niliyemleta mgeni. Nilisafisha mtaro, sikumziba mtu mdomo. Na ningeuacha mchafu, si mngesema nimewaaibisha?"

Bi Mwanahawa akasema, "Doa lilikuwa shahidi wetu, nami nikalipaka chokaa. Sikatai. Lakini chokaa yangu ilikuwa nyepesi, na injinia aliliona. Aliyeona akanyamaza, tumwiteje?"

Injinia Kasanda naye alikuwepo, amekuja na mabuti yake kuona madhara, macho mekundu. Akasema, "Niliona. Nikawaonea haya. Lakini niliuliza, mwenye nyumba akanijibu. Ningemwambia mama aliye sawa na mama yangu, ndani kwake, kwamba si kweli?"

Wote wakamgeukia Bi Zuhra. Akasema, "Aliniuliza, ni kweli. Nami nilimjibu nilivyolelewa: mgeni ashibe kwanza, shida baadaye. Nilikuwa nangoja amalize nimweleze. Alipomaliza tu kunawa, Mwenyekiti akamshika mkono, wakatoka."

Mzee Semkiwa akainama.

Pale chini kwenye godoro Bi Kibibi akasema, "Zuhra, mwanangu, nigeuze nitazame ukutani. Watu wamekuwa wengi."

Sasa najua mmoja wenu ameshajiandaa kuniambia kosa ni la manispaa. Sawa, bwana, nami nimewahi kusimama kwenye foleni zao. Lakini manispaa haina chumba cha kumlaza bibi, na mawingu yale pale yanajikusanya. Bi Zuhra ameshakunja shuka, anawatazama. Wewe uliyekaa mbele, na wewe unayejificha nyuma, mjibuni: ambebe mama yake aelekee mlango wa nani? Au abaki naye pale pale barazani?