Kaburi la Mtaa wa Majabali

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama nao walikuwa na mitaa, nyumba zenye milango, na halmashauri ya kuwasumbua.

Katika Mtaa wa Majabali aliishi Bi Pelele, mnyama mdogo kama sungura, na wanawe wawili, Mosi na Pili. Kila asubuhi Nyati walipita hapo wakikimbilia mtoni: gidi! gidi! gidi! Asubuhi moja wakamkuta Mosi anavuka. Alizikwa mlimani.

Bi Pelele akaenda halmashauri. "Mheshimiwa, nimebakiwa na Pili tu. Tuwekeeni tuta barabarani, Nyati wapunguze mwendo."

"Tutakuja kukagua," akajibu Kifaru, mhandisi wa barabara.

Lakini ukaguzi ulitangazwa kwa ngoma siku saba kabla. Siku ilipofika, Nyati walipita kwa ncha za kwato. "Shikamoo, Mheshimiwa! Habari za kazi?"

Kifaru akaandika: Mwendo ni wa staha. Tuta halihitajiki.

Kesho yake, gidi! gidi! gidi! Pili aliponea chupuchupu. Mkoba wake wa shule ulikanyagwa ukachanikachanika.

Bi Pelele akajenga tuta kwa mikono yake. Kifaru akaja na jembe.

"Tuta bila kibali!" Pwaa! Pwaa! Barabara ikawa tambarare.

Bi Pelele hakubishana. Siku ya pili, palepale, kukawa na kifusi kirefu kutoka mtaro hadi mtaro, kimewekwa mawe meupe huku na huku. Yeye amekaa kando, kajitanda kaniki, analia.

"Tuta tena?" Kifaru akafoka.

"Si tuta, Mheshimiwa. Ni kaburi la mwanangu."

"Mbona refu hivyo?"

"Ndivyo majonzi yangu yalivyo."

Jembe likamponyoka Kifaru. Katika mji ule mfiwa ndiye aliyechagua mahali pa kaburi, na halikuvunjwa mpaka yeye aridhie. Tena kila aliyelipita alikwenda polepole, kichwa chini.

Nyati wakaja. Gidi! gidi! gi... kimya. Wakapita mmojammoja. "Pole, mama. Pole sana."

Ikawa hivyo miezi mitatu. Pili akavuka kila siku, asiguswe hata na vumbi.

Siku moja akapita Mzee Tembo, mwenyekiti wa halmashauri. Akanusa kifusi kwa mkonga. Fyuu! Akanusa tena.

"Bi Pelele, Mosi tulimzika mlimani, nami nilikuwepo. Humu yumo nani?"

Bi Pelele akafuta machozi.

"Hamna mtu bado, mzee."

"Bado?"

"Ni kaburi la Pili. Yule pale, anatoka shule. Nimelichimba mapema tu. Livunjeni mkitaka, ila jembe msilipeleke mbali."

Nyati mmoja aliyesikia akageuza uso. Mzee Tembo akamtazama Pili akivuka, mkoba wake umeshonwa viraka.

"Kifaru, andika hili ni tuta."

"Halina kibali, mzee!"

"Basi liache, uandike: kaburi la Pili."

Hata leo, katika daftari la halmashauri, Pili amezikwa Mtaa wa Majabali. Na kila asubuhi hulipanda kaburi lake akienda shule.

Nanyi mkumbuke: ukikataa kumsikia mdogo akisema kweli, utamsikia atakaposema uongo.