Sufuria ya Mwadi

Enyi mnaomkunjia fundi uso akiwatajia bei ya sufuria ya shaba, sogeeni karibu. Bei hiyo hakuipanga yeye. Iliwekwa zamani sana, na mama mmoja aliyekuwa na haraka.

Enzi hizo shaba ilikuwa laini kama unga uliokandwa. Mvua zikikatika, Mlima Kilubwe uliitoa nje wenyewe, mabonge kwa mabonge, na kila mtu alichota akafinyanga sufuria kwa mikono yake. Ikiungua, aliitupa akafinyanga nyingine. Mbwa walinywea maji ndani ya shaba, na kuku walitagia humo.

Sharti lilikuwa moja tu, lile lile la majirani: chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Aliyekwenda kuchota shaba alibeba sufuria yake kuukuu, ndani ameweka ugali kidogo, au karanga, au hata mboga za jana, akaiacha mlimani. Lakini shibe ina kiburi. Mtu mmoja, jina lake Kapopo, akaanza kupeleka sufuria tupu. "Kwani mlima una meno?" aliwauliza wenzake. Wakacheka, kisha wakamwiga mmoja mmoja, hata vikawa vinapanda vyombo vitupu tu. Mlima ukanyamaza. Mimi kimya cha namna hiyo nakiogopa kuliko radi.

Kijijini humo aliishi Mwadi, mjane, na mwanawe Kaseya. Mwaka ule homa ilimlaza mtoto hata mbavu zikahesabika. Asubuhi moja akafumbua macho akasema, "Mama, uji." Mwadi akakung'uta kibuyu, akapata konzi ya mwisho ya unga wa mtama, akainjika sufuria. Alijua kwamba mtoto asipokula sasa, hataomba tena.

Uji ulipochemka, sufuria iliteleza kutoka mafigani ikatoka mlangoni. Mwadi akaifuata, na alichokiona huko nje, hata leo nikikisimulia mwili hunisisimka. Kila nyumba ilikuwa ikitoa shaba. Masufuria yaliyeyuka bila moto, yakawa vijito vyekundu, vijito vikawa mto, na mto ule ukaupanda mlima polepole, bila sauti, ukimeremeta juani. Watu walipiga magoti. Kapopo alijifunika uso. Mwadi peke yake alikimbia, maana uji wa mwanawe ulikuwa unakwenda.

Aliifikia sufuria yake kwenye mdomo wa pango, mahali mto wote ulipokuwa ukiingia. Akaikumbatia. Ikamuunguza mikono, hakuiachia.

Sauti ikatoka chini ya nyayo zake: "Nani huyu aliyenirudishia chombo na kitu ndani?"

"Ni mimi, Mzee," akajibu. "Lakini sikukuletea wewe. Huu ni uji wa mtoto wangu. Naomba nirudi nao."

"Nami sirudishi chombo kitupu," mlima ukasema. "Nenda."

Papo hapo sufuria ikakakamaa mikononi mwake, ngumu, yenye kulia ikigongwa, na uji ungali moto. Pango likajifunga. Kaseya alikula, akaomba tena, na ndani ya sufuria mlikuwa na wa kumwongeza.

Shaba nyingine yote iligeuka mawe ya kijani tumboni mwa mlima. Nchi nzima ikabaki na sufuria moja. Habari zikamfikia chifu, akaja mwenyewe kuinunua. Akataja mbuzi, Mwadi akatikisa kichwa. Akataja ng'ombe na ndama wake, Mwadi akatikisa kichwa. Kisha Mwadi akamwonyesha Kaseya, aliyekuwa akikimbiza kuku uani.

"Chifu wangu," akasema, "toa kinacholingana na yule."

Chifu akamtazama mtoto, akaitazama sufuria, akavua kofia. Akaondoka.

Na tangu siku hiyo, wale wanaoyachimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, kisha wakafua shaba hadi mabega yakafa ganzi, huipima bei yao kwa ile ya Mwadi. Hutaja kubwa, nanyi mnaguna. Wao wenyewe wanajua kwamba hawajaifikia.