Bwana Nyati na Mashimo ya Makumbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakivaa misuli na kukaangiana vitumbua, Bi Nguchiro aliishi na wanawe kijijini karibu na mikoko. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba. Makumbi ya nazi aliyafukia kwenye mashimo ya tope pwani mpaka yaoze, ndipo ayapige apate nyuzi. Harufu yake sasa! Ukipita hapo bila kuziba pua, chakula cha mchana unakisamehe.

Mnajua, mwezi ukiwa mpevu bahari hujaa kupita kawaida. Ndilo bamvua. Maji huingia mpaka vibarazani, kisha hurudi zake. Nyati yanamfika magotini, lakini mtoto wa nguchiro yanamzamisha.

Palikuwa na mahali pamoja tu pakavu, kilima cha mchanga nyuma ya visima. Nacho Bwana Nyati alikwishakizungushia ua wa miiba, akakaa humo na Fisi, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka kila Nyati alipocheka.

Alasiri moja Bi Nguchiro akaona povu la bahari mlangoni. Hakungoja. Akazima moto, akapandisha unga darini, akawafunga wanawe kwa kamba, mmoja nyuma ya mwenziwe, mbio hadi kilimani.

"Shikamoo, Bwana Nyati! Bamvua limeingia. Nipishie wanangu."

"Marahaba. Hapana nafasi."

"Ni wadogo, baba! Watakaa hata penye kwato zako."

"Kwato zangu zina heshima zake," akasema Nyati. Fisi akacheka, kwe-kwe-kwe!

Moyo wa Bi Nguchiro ukamdunda kwa hofu na hasira, maana maji yalishamlamba mkia. Lakini akawageukia wanawe, akasema kwa sauti ya kusikika, "Basi wanangu, walosema wamesema kweli. Bwana Nyati kajifungia huku kwa kuogopa maji."

"Nani kasema?" Nyati akaruka.

"Hata kombamwiko wanasema, baba."

"Mimi? Niogope maji ya kuoshea miguu? Fisi, fungua ua! Navuka mpaka kwenye mikoko na kurudi!"

"Usiende," akasema Bi Nguchiro, na hapo hakudanganya hata neno. "Maji yakijaa, chini hakuonekani. Kule kuna mashimo yangu ya makumbi."

"Mashimo ya wanawake yatanifanya nini?"

Akashuka kifua mbele, chubwi, chubwi! Fisi nyuma yake. Ua ukabaki wazi, na watoto wa nguchiro, pamoja na sungura, kuku na kanga waliokuwa nao wakiyakimbia maji, wakapanda kilimani kimyakimya.

Chubwi, chubwi... DUBWI!

Nyati akatumbukia mpaka shingoni. Fisi akamshika mkia, naye dubwi! Makumbi yaliyooza yakawapanda puani.

"Uwiii! Bi Nguchiro! Tutupie kamba!"

"Ah, baba! Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge."

"Dada yangu! Mama yangu!"

"Leo nimekuwa mama? Haya, kamba ninayo, ila ua wako uondoke."

"Uondoke! Uchomwe! Pikieni chai!"

Bi Nguchiro akafunga kamba kwenye mnazi, akawatupia ncha. Wakajivuta, wakatoka wamepakaa uvundo mpaka masikioni. Walipofika kilimani, kuku mmoja akaziba pua, akasema, "Samahani, Bwana Nyati, hapa hapana nafasi. Labda kule upepo unakokwendea."

Safari hii Fisi hakucheka.

Tangu siku hiyo kilima hakina ua. Bamvua likiingia, wadogo hupanda kwanza, na Nyati husimama pembeni peke yake, kwani uvundo ule haujamtoka mpaka leo.

Nanyi mkumbuke: maji yakipanda, panda nawe, kwani ubabe hauonyeshi shimo lililo chini.