Nanasi Lililopita Motoni

Mama mmoja alikuwa na watoto watatu na nanasi moja. Alikuwa akilimenya ili vipande avitie kwenye jeli ya Jumapili, jirani alipochungulia mlangoni. "Mama Mbonea, Kirigha wako anarudi. Jioni atakuwa hapa."

Kisu kilisimama. Kirigha ndiye mtoto wa katikati, mwenye ulimi mkali. Kwenye matanga ya baba yao alisema maneno yaliyowatawanya ndugu, na tangu siku ile hawakuwahi kula pamoja. Akaenda mbali. Huko akafiwa na mke, akaugua, akakosa hata wa kugombana naye.

Mama, mawazo yakiwa kwa mwanawe, alitia nusu ya nanasi kwenye jeli likiwa halijaona moto, akaiweka kwenye friji. Mchana alipoitazama, ilikuwa maji matupu.

Mbonea, mkubwa wao, akacheka. "Huyo hajafika na vitu vimeshaanza kuachana. Akiingia, mimi natoka."

Mama aliujua ukali ule wa nanasi bichi, usioacha jeli igande. Ni ndugu wa ukali wa papai bichi, ambalo alizoea kusugulia nyama ya mbuzi mzee mpaka ikalainika. Kwenye nyama ni baraka. Kwenye jeli ni hasara. Akachukua nusu ya nanasi iliyobaki, akaichemsha mpaka nyumba ikanukia, akaiacha ipoe, ndipo akaitia kwenye jeli nyingine. Jioni bakuli lilitikiswa, jeli ikacheza bila kumwagika.

Kirigha alifika amekonda, akaamkia, akakaa karibu na mlango kama mgeni. Mbonea akainuka kuondoka. Mama akamwekea bakuli mkononi.

"Onja kwanza, baba. Ni nanasi lilelile la mchana, ila hili limepita motoni."

Mbonea akaonja. Utamu ulikuwapo. Akamtazama mdogo wake, mifupa ya mabega, macho yaliyoinama. Kisha akavuta kiti cha pili mezani. "Njoo huku, we bwana. Hapo mlangoni unazuia upepo."

Wali na maharage vikapakuliwa. Mama akahesabu vichwa kama alivyofanya walipokuwa wadogo: Mbonea, Kirigha, Namkunda kitindamimba. Wote wapo. Akamshukuru Mungu kwa maneno machache, maana chakula kilikuwa kinapoa.

Nawe unayemkimbia ndugu yako kwa ukali wake wa zamani, umewahi kumuuliza amepita moto gani?