Asiye na Jina Kibuyuni

Hapo zamani, katika milima ya Rungwe, palikuwa na kibuyu cha maziwa mgando ambacho hakikuwahi kukauka. Bibi Subilaga alipokuwa anaaga dunia hakusema neno juu ya shamba wala ng'ombe. Alimwita binti yake Tusekile, akamwambia, "Kila asubuhi mimina maziwa mapya, lakini yale ya chini usiyamalize. Hayo ndiyo yanayowafundisha wenzao kuganda."

Tusekile hakujaliwa mtoto. Akakilea kibuyu. Asubuhi alimimina, jioni alitikisa, na ya chini hakuyamaliza. Asubuhi alimimina, jioni alitikisa, na ya chini hakuyamaliza.

Siku moja akaenda msibani. Nyuma akabaki wifi yake Atupele, mwanamke ambaye hata kuni angezifua kama zingekubali. Akakitazama kibuyu, akaguna. "Uchafu wa tangu enzi za mama mkwe!" Akakisugua kwa maji yanayochemka. Tusekile aliporudi akamimina maziwa, yakaoza, yakanuka nyumba nzima.

"Wifi, umeniulia mgando wangu!"

"Nimekuoshea, wifi. Hata asante huna?"

Tusekile akalia. Hapo kaka yake Lusajo, mumewe Atupele, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye siri. Akaingia stoo, akatoka na dumu. Kumbe siku zote alikuwa akiiba mgando wa dada yake, na ili usimwishie, naye alimimina, alitikisa, na ya chini hakuyamaliza.

"Mwizi mkubwa wewe!" Tusekile akasema, machozi na kicheko pamoja. Akaonja. Ladha ilikuwa ileile.

Lakini ulimi huweza kudanganywa. Tupokigwe, binti wa Lusajo na Atupele, alifanya kazi maabara. Akachukua mgando kidogo, akaondoka nao. Aliporudi alikuwa akitabasamu tangu getini.

"Shangazi, wanaogandisha maziwa yako ni bakteria. Nimewatia rangi ya zambarau, wakaishika. Nimewadondoshea dawa ya vidonda, hawakutoa povu. Wamefuatana kama shanga, wanaishi hata pasipo hewa, na sukari ya maziwa wanaigeuza kuwa uchachu. Tena hawatengenezi mbegu ngumu za kustahimili moto, ndiyo maana maji ya mama yaliwamaliza. Basi oda yao ni Lactobacillales, ukoo mpana wa wachachushaji: wamo wa mviringo, wamo walio kama vijiti. Nimemlinganisha huyu wetu na ndugu zake wote wanaojulikana. Hakuna hata mmoja anayelingana naye sawasawa. Hana jina, na jina atakalopewa ndilo atakalobaki nalo."

Tusekile ndiye aliyetangulia kusema.

"Kwetu anayelea ndiye anayetoa jina. Sijawahi kumpa kiumbe jina maishani mwangu. Huyu nimemlea mimi."

"Wa kwako alikufa, dada," Lusajo akasema. "Aliye hai ametoka kwenye dumu langu. Mwizi nimekubali. Lakini bila mwizi, leo mngemwita nani?"

"Na mimi je, baba?" Tupokigwe akauliza. "Miaka yote mlimnywa bila kujua kama yupo. Mimi nimemtambua, mimi nimempatia ukoo wake. Na kwa kanuni za kazi yangu, anayeandika sifa za kiumbe kwanza ndiye anayempa jina."

Atupele, aliyekuwa akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, akageuka. "Nisingemuua, nani angemtafuta?"

Wakacheka mpaka Lusajo akashika ukuta. Kisha wakakubaliana: atakayekunywa kikombe cha kwanza ndiye atakayempa jina. Tusekile akamimina, maana kumimina kulikuwa kazi yake, na ya chini hakuyamaliza. Kikombe kikajaa. Mikono mitatu ikanyooshwa. Mkono wa Tusekile haukukiachia.

Bado wamesimama hivyo, na povu linatulia kikombeni. Basi ninyi mnaosikiliza, semeni, lakini msijibu kwa njaa. Kuna aliyelea, kuna aliyeiba akaokoa, kuna aliyetambua, na yupo aliyeua hata huyo asiye na jina akatafutwa. Je, nani alistahili kumpa jina?